Shajara ya mradi: kuziunganisha ramani za chama chetu cha mapango

Wiki ya 1

Nimekabidhiwa masanduku manne ya karatasi na kabati moja la chuma ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo. Hiyo ndiyo hifadhi nzima ya chama chetu cha kanda cha wachunguzi wa mapango. Chama kilichowahi kuunganisha vilabu tisa leo kina vilabu vitatu vinavyolipa ada, na kati ya hivyo ni kimoja tu kinachotuma mjumbe kila kikao. Mkutano uliopita uliletewa pendekezo la kukivunja. Nilisimama nikaomba mwaka mmoja. Nilisema kwamba kabla hatujaufunga mlango, tujue kwanza ndani kuna nini.

Lengo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari hili: kila ramani iskaniwe, kila daftari la vipimo liingizwe kwenye kompyuta, na vipande vyote viungwe viwe ramani moja ya kanda. Nataka pia kuelewa chama kiliinukaje na kikashukaje, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake: mmoja anasema fedha, mwingine anasema uongozi, wa tatu anasema vijana hawapendi matope.

Wiki ya 2

Fundi amelifungua kabati. Ndani mna ramani 63, nyingi zikiwa kwenye karatasi angavu za kuchorea. Zilizokunjwa zimekauka kwenye mikunjo na ukizifungua kwa pupa zinapasuka, kwa hiyo nazilaza chini ya ubao siku tatu kabla ya kuziskani. Pini zenye kutu nazitoa moja moja kwa mkono. Kazi ni ya polepole, nami naipenda. Kuna mchoro mmoja wa ukumbi wenye mawe yaliyoporomoka ambapo aliyechora amelichora kila jiwe kwa umbo lake. Mtu huyu alikaa kwenye baridi, taa ya kabaidi ikimchuruzikia maji, akayahesabu mawe.

Wiki ya 3

Nimeanza kusoma mihtasari ya vikao. Cha kwanza kabisa kina ajenda moja tu: ngazi.

Lilikuwa limepatikana shimo la wima lenye kina cha zaidi ya mita 100, na hapakuwa na klabu yenye ngazi za kutosha kulishuka. Wakati huo watu walishuka kwa ngazi za waya zenye vipago vya aloi nyepesi, aina aliyoianzisha Mfaransa Robert de Joly miaka ya 1930. Shimo la mita 100 lilitaka ngazi kumi za mita kumi kumi, ziungwe moja kwa nyingine, na juu yake watu wa kushika kamba ya usalama, wa kuvuta mizigo, na wa kukesha mdomoni mwa shimo mpaka wa mwisho atoke. Klabu yenye watu wanane haikuweza. Vilabu vinne vikikusanya ngazi zao viliweza. Chama kilizaliwa hapo, kwenye orodha ya nani analeta ngazi ngapi.

Mihtasari ya miaka iliyofuata imejaa mambo ya namna hiyo: nani amerudisha ngazi zenye vipago vilivyopinda, nani alale kwenye hema la juu. Inachosha kusoma, lakini ndani yake unasikia watu wanaohitajiana.

Kisha ngazi zinaanza kupungua kwenye karatasi. Mwaka 1968 Bruno Dressler na Fernand Petzl walikuwa wamekwisha kutengeneza kule Ufaransa vifaa vya kushukia na kupandia kamba moja, na katika miaka ya 1970 mbinu hiyo ikaenea. Watu watatu wenye kamba moja nzuri sasa walishuka asubuhi na kurudi jioni katika shimo ambalo zamani lilihitaji watu 20 na siku mbili. Nimepekua mihtasari ya kipindi chote hicho nikitafuta ugomvi, na sikuuona. Naona mahudhurio tu yakipungua: vilabu tisa, vinane, vitano. Hapana aliyekasirika. Kila klabu ilikuwa na kamba yake.

Hili limenikalia moyoni wiki nzima. Tumekuwa tukitafuta aliyekiharibu chama, kumbe kazi iliyokileta duniani ndiyo iliyokwisha.

Wiki ya 5

Nimemtembelea mzee aliyekuwa katibu kwa muda mrefu kuliko wote. Macho yamepungua nguvu, kumbukumbu haijapungua. Nilimsomea orodha ya ramani, naye akanisimamisha mara kwa mara: "Hiyo haijakamilika, kuna njia upande wa kushoto hatukuimaliza." "Hiyo usiiamini, dira ilikuwa imepigwa na jiwe."

Nilimweleza nilivyofikiri kuhusu ngazi na kamba. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, tuliishi miaka mingine kumi na tano kwa sababu ya ruhusa." Wenye ardhi walitaka kuzungumza na mtu mmoja tu, si vilabu tisa, na kampuni za bima nazo zilitaka hivyo hivyo. Chama kikawa mlango wa kuombea ruhusa. Baadaye vilabu vikajuana na wenye ardhi moja kwa moja, na mlango huo nao ukawa hauna wa kuupita.

Nilipokuwa naaga aliniuliza kama nimelipata daftari la kijani. Sijalipata.

Wiki ya 8

Tatizo kubwa la kwanza. Ni la kiufundi lakini nitaliandika kwa kirefu, kwa sababu limegusa mzizi wa kazi yote.

Kuna pango lenye midomo miwili, tuiite wa juu na wa chini. Umbali kati ya midomo hiyo ukipigiwa mstari mnyoofu ni mita 900 hivi. Ramani ya zamani inapita ndani kutoka mdomo mmoja hadi wa pili. Midomo yote miwili nimeipima kwa setilaiti, kwa hiyo najua ilipo. Nikaingiza vipimo vya zamani kwenye Survex, programu ya kuunganisha vipimo vya mapango, nikaanzia mdomo wa juu, na programu ikanipeleka hadi kwenye mwamba mtupu, mita 36 kutoka mdomo wa chini.

Nilipitia tarakimu zote nikidhani nimekosea kunakili. Sikukosea. Halafu nikaitazama kona ya ramani. Kuna mshale wa kaskazini, kuna herufi za majina ya wapimaji watatu, kuna kipimio. Tarehe haipo.

Dira haielekei kaskazini halisi. Inaelekea kaskazini ya sumaku, na hiyo husogea mwaka hadi mwaka. Mahali pengi husogea nyuzi moja katika miaka kumi hivi, pengine kwa kasi zaidi, pengine polepole. Nyuzi moja inaonekana ndogo, lakini katika kilomita moja inakusogeza pembeni mita 17. Programu zetu zinaweza kusahihisha hilo kwa modeli ya kimataifa ya sumaku ya dunia, IGRF, ambayo inarudi nyuma hadi mwaka 1900. Sharti lake ni moja: uiambie vipimo vilichukuliwa lini. Kwa kuwa tarehe sikuwa nayo, nilikisia kwa kutazama aina ya karatasi.

Ramani haikuwa na kosa. Wapimaji wale walisoma dira yao kwa uaminifu. Walichoacha kuandika ni neno moja walilodhani kila mtu atalijua daima, kwa sababu siku ile wote walikuwa wanalijua.

Nimehesabu: kati ya ramani 63, zenye tarehe kamili ni 22. Zenye mwaka peke yake ni 17. Zilizobaki 24 hazina kitu.

Wiki ya 9

Daftari la kijani limepatikana! Lilikuwa chini kabisa ya sanduku la tatu, limefungwa ndani ya koti la mvua. Ni kumbukumbu za safari: nani aliingia, saa ngapi, alitoka saa ngapi, aliona nini.

Kwenye ile ramani ya midomo miwili kuna maandishi madogo karibu na njia ya chini: "maji yamefika dari." Nimesoma daftari usiku kucha nikitafuta safari ambayo njia ya chini ilifungwa na maji na watu watatu wenye herufi zile walikuwa pamoja. Ipo moja tu. Nilikuwa nimekisia mwaka wa karibu mno, nikakosea kwa miaka 20. Nimeweka tarehe sahihi, programu imehesabu upya, na mwisho wa vipimo umesogea ukasimama mita 6 kutoka mdomo wa chini.

Mita 6 baada ya njia yote ile, kwa dira ya mkononi na futi ya kitambaa! Nilimpigia mzee simu papo hapo. Alitaka nimsomee ukurasa mzima, na nilipofika mwisho akaniomba niusome tena.

Wiki ya 10 hadi 12

Kuskani, kuingiza tarakimu, kutafuta tarehe. Ramani 15 kati ya zile 24 zimepata tarehe kutoka kwenye daftari la kijani. Tisa bado.

Wiki ya 13

Kikao kigumu. Nilivialika vilabu vyote, vilivyomo na vilivyojitoa. Vikaja sita, idadi ambayo haijaonekana kwa muda mrefu, na kwa saa mbili tulibishana juu ya jambo moja: siri.

Klabu moja ina ramani ya mfumo mrefu sana ambayo haijawahi kuionyesha kwa mtu wa nje. Mwakilishi wao, dada mmoja mtulivu, alisema wazi kwamba wanaogopa wavunjaji. Ana haki. Stalaktiti, jiwe linaloning'inia darini mwa pango, hukua kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Anayeivunja kuchukua kumbukumbu ya safari amevunja kitu ambacho wajukuu wa wajukuu wake hawataona kikirudi. Ukumbi wao mmoja umeharibiwa hivyo hivyo, baada ya mtu kutangaza mahali ulipo.

Upande wa pili alisimama mwenzetu wa uokoaji, akakumbusha Tham Luang, Thailand, mwaka 2018. Watoto 12 na kocha wao waliingia tarehe 23 Juni, mvua ikawafungia, na tarehe 2 Julai wazamiaji wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, wakawakuta hai. Pango lile lilikuwa limepimwa na kuchorwa na wachunguzi wa mapango miaka mingi kabla. Waokoaji walikuwa na ramani ya kutandaza mezani tangu mwanzo. "Kwetu," alisema, "nikiitwa usiku leo, nusu ya kanda sina ramani yake. Ziko kwenye droo za watu waliolala."

Mimi nilizungumzia Kentucky, Marekani. Kwa miaka mingi Flint Ridge na Mammoth yalihesabiwa kuwa mapango mawili. Mwaka 1972 timu ya Cave Research Foundation, shirika la wachunguzi wa mapango, ilitoka upande wa Flint Ridge ikatokea ndani ya Mammoth. Kabla ya hapo Patricia Crowther alikuwa amejipenyeza kwenye mbano ambao wengine hawakuupita, na ni yeye huyo aliyekuwa akishughulikia hesabu za vipimo kwenye kompyuta. Walijua wapi pa kusukuma kwa sababu vipimo vilikuwa vimewekwa pamoja, na mstari wa pango moja ulionekana ukilisogelea lingine. Leo mfumo ule umepimwa zaidi ya kilomita 680, mrefu kuliko wote unaojulikana duniani. Kisha nikatandaza mezani ramani yetu, hata kama ina mapengo. Kati ya mwisho wa pango lenye midomo miwili na mwisho wa pango la klabu jirani pana nafasi nyeupe ya mita 200 tu.

Chumba kilitulia. Vilabu hivi viwili vimekuwa vikichimba kila kimoja upande wake, bila kujua.

Tulikubaliana hivi: vipimo vyote viwe mahali pamoja, lakini mahali midomo ilipo pajulikane na watu wawili wa kila klabu na timu ya uokoaji peke yao. Ramani za kuonyeshwa wengine zitakuwa na umbo bila namba za mahali. Klabu ya yule dada imeomba muda. Naamini wana sababu, na nitaendelea kuwangoja.

Wiki ya 16

Matayarisho ya kwenda kupima. Vilabu viwili vitaingia pamoja, na kwa kuwa vinatumia mapango tofauti, tumekubaliana kila kitu kioshwe na kukaushwa kabla na baada. Wapo wanaoona ni usumbufu. Nimewakumbusha ugonjwa wa pua nyeupe wa popo: kuvu wake uligunduliwa Marekani kwenye picha ya mwaka 2006 kutoka pango moja la jimbo la New York, unadhaniwa ulitoka Ulaya, na tangu hapo umeua mamilioni ya popo. Mwaka 2009 mamlaka ya wanyamapori ya Marekani iliwaomba wachunguzi wakae nje ya mapango ya majimbo yaliyoathirika. Maji ya moto ya nyuzi 55 kwa nguo na kamba si gharama kubwa ukilinganisha na hilo.

Kifaa cha kupimia ni DistoX, kilichobuniwa na Mswisi Beat Heeb: leza ya umbali, dira na kipima mwinamo ndani ya kifaa kimoja. Kabla ya kukitumia lazima ukisawazishe kwa vipimo 56, ukikigeuza pande zote, mbali na chuma. Tulifanya hivyo msituni, na msichana mmoja wa miaka 19 akawa anahesabu kwa sauti hadi 56.

Wiki ya 17

Tumeingia. Watu saba, chini ya ardhi kwa muda wa saa 11.

Njia kuelekea mwisho wa ramani ya zamani ni nyembamba, kisha inapanda juu ya mawe yaliyoporomoka. Niliyatambua. Yalikuwa yale mawe yaliyochorwa moja moja, kwa maumbo yale yale, isipokuwa moja lililoanguka kutoka darini tangu wakati ule. Nilimwonyesha yule msichana mchoro, akalitafuta jiwe jipya na kulichora.

Kila mstari tuliusoma mara mbili, kwenda na kurudi. Hapo ndipo tulipogundua kosa: mmoja wetu alikuwa anapata tofauti ya nyuzi 6 kila anaposhika kifaa. Ilichukua nusu saa kuelewa. Taa yake ya kofia ina kasha la betri lenye chuma, na alipoinamisha kichwa kusoma namba, kichwa kilikaribia dira. Tulirudia vituo vyake vyote 11. Alitaka kuomba radhi. Nilimwambia ametuokoa, kwa sababu pengine ramani nyingi za kabatini zina kosa la aina hiyo na sasa tunajua la kutafuta.

Mita 140 baada ya mwisho wa ramani ile tukafika kwenye ufa unaotoa upepo baridi usoni. Kiwiliwili cha mtu mzima hakipiti. Tulizima taa tukanyamaza, na tukasikia upande wa pili mtu anagonga jiwe kwa jiwe, mara tatu, kisha mara tatu. Klabu jirani walikuwa wameingia kwa mdomo wao saa ile ile kama tulivyopatana.

Sina maneno mazuri ya kuandika nilivyojisikia. Yule msichana aligonga akajibu.

Wiki ya 18

Tumepitisha futi kwenye ufa, wao wakaishika upande wao: mita 2 na sentimita 85. Leza nayo imepita. Hakuna mtu aliyepita bado, wala hatutapanua ufa kabla ya wote kukubaliana. Upepo ule una kazi yake kwa viumbe wa ndani. Lakini mstari wa vipimo umekatiza, na kwa hesabu mapango mawili yameungana.

Wiki ya 20

Vipimo vyote vimeingizwa: vya kale vilivyopata tarehe kwenye daftari la kijani, vya klabu jirani, na vyetu. Mzunguko mzima, kwa ndani na kurudi juu ya ardhi, una urefu wa mita 3,120. Mwisho wake umekutana na mwanzo kwa tofauti ya mita 13. Ni chini ya nusu asilimia, kwa kazi ya watu wa vizazi viwili na vifaa vya aina mbili.

Wiki ya 22

Kikao. Vilabu vitano vimeleta madaftari yao, viwili kati yao vilikuwa vimejitoa zamani. Klabu ya yule dada haijaleta, ila imetuma barua kwa timu ya uokoaji ikiwa na ramani ya mlango mkuu na njia za dharura. Pendekezo la kuvunja chama halikupigiwa kura. Limesogezwa mbele hadi mwaka wangu uishe. Muda mwingi wa kikao ulikwenda kwenye orodha ya nani anapima wapi, nani ana kifaa, nani atahesabu. Nikiwa naandika muhtasari nilijikuta nimeandika "nani analeta ngapi", maneno yale yale ya kikao cha kwanza. Sikuyafuta.

Mzee alikuja. Alikaa karibu na meza ambapo ramani mpya ilikuwa imetandazwa, akaniomba nimwongoze kidole chake kutoka mdomo wa juu hadi wa chini, halafu hadi kwenye ufa. Akauliza mpimaji wa ufa ni nani. Yule msichana akasogea, akamshika mkono.

"Umeandika tarehe?" mzee akamuuliza.

Hakuwa ameandika. Alichukua kalamu, akaandika kwenye kona ya chini siku, mwezi, na mwaka kwa tarakimu nne, na pembeni ya mshale akaongeza: kaskazini ya sumaku.

Zimebaki ramani tisa zisizo na tarehe. Jumatatu naanza sanduku la nne.